Jike la mbwa la miaka 7: mchukue, ila mkague kwanza

Mkuu, umeuliza kama umchukue jike la miaka 7 ambalo mwenyewe anahama nchi au usubiri kitoto, maana umeambiwa mbwa mzee hafundishiki. Kwa nyumba yenye watoto na wakubwa wanaoshinda kazini, mimi nasema mchukue huyo mkubwa. Mbwa wa miezi 2 hujui atafika kimo gani, atakuwa mkali kwa nani, wala kama atawavumilia watoto. Huyu yote hayo yameshajulikana, unauliza na kuhakikisha kwa macho.

Kitoto kina kazi. Akiwa na miezi 3 habani mkojo zaidi ya saa 4 hivi, na mpaka meno yakamilike kwenye miezi 6 au 7, ndala na nyaya zote ni zake. Chanjo zake zinarudiwa kila wiki 3 hadi 4 mpaka wiki ya 16, na parvo (virusi vya kuharisha damu) ikimwahi hapo katikati anaweza kufa ndani ya siku chache. Mbwa mzima aliyezoea kuishi ndani hubana usiku kucha. Na kufundishika anafundishika, tena hutulia kuliko kitoto: dakika 5 asubuhi, 5 jioni, kwa vipande vya maini ya kuchemsha.

Ila uzee unategemea umbo. German Shepherd wa miaka 7 tayari ni mzee, angalia anavyoinuka akiwa amelala: akisitasita au akivuta miguu ya nyuma, nyonga zina shida. Vimbwa vidogo umri huo bado vina nguvu zao.

Nenda kamwone wakati wa kula. Mwenyewe ndiye asogeze bakuli, siyo wewe wala mtoto, nawe uangalie kama mbwa anakakamaa au kuguna. Kisha mwenyewe amfunue mdomo: fizi ziwe za waridi (zikiwa nyeupe, fikiria ugonjwa wa kupe au minyoo), ukoga wa kahawia husafishika, lakini jino linalocheza au harufu ya usaha ni gharama. Macho yenye ukungu wa buluu ni kawaida ya umri huo na bado anaona. Yakiwa meupe kama maziwa, huo ni mtoto wa jicho.

Swali ambalo watu husahau kwa jike: amefungwa kizazi, yaani ametolewa mji wa mimba? Kama bado, uliza alipata joto (kipindi cha kutaka dume) lini mara ya mwisho. Majike ya umri huu hupata usaha kwenye mji wa mimba, mara nyingi wiki 4 hadi 8 baada ya joto. Dalili ni kunywa maji kupita kiasi, kukataa chakula, kutapika, na wakati mwingine uchafu ukeni. Uchafu usipotoka ni hatari zaidi, kwa sababu mlango umefunga na usaha unajaa ndani. Hapo ni upasuaji wa haraka, hakuna cha kusubiri kesho. Ukimfunga kizazi akiwa bado hajaugua unaepuka yote hayo, ila daktari wa mifugo apime damu, figo na ini kwanza kabla ya nusu kaputi.

Akifika kwako, usibadilishe chakula ghafla. Changanya robo ya chakula chako na robo tatu ya alichozoea, ongeza taratibu kwa siku 7 hadi 10, la sivyo ataharisha. Dagaa wa chumvi waloweke na uwasuuze. Wiki mbili za kwanza asifunguliwe geti likiwa wazi, atarudi kwao.

Kupe: dawa ya kuogeshea ng'ombe usimkadirie kwa kifuniko. Yenye amitraz ikizidi humlegeza, na kwa mbwa mzee au mwenye kisukari ni mbaya zaidi. Akichechemea, usimpe ibuprofen wala diclofenac za binadamu, hutoboa tumbo na kuua figo.

Asipokuja na kadi, hesabu hajachanjwa: kichaa cha mbwa mara moja kisha kila mwaka, na ile ya mchanganyiko (chanjo moja ya magonjwa kadhaa) yenye homa ya mgunda sindano 2, zikipishana wiki 3 hadi 4.