Simu badala ya kompyuta ya baiskeli

Kaka, umeuliza kama simu na vihisi, yaani vifaa vidogo vya kupima kasi na mizunguko ya pedali, vinatosha badala ya kompyuta ya baiskeli. Vinatosha, ila kabla hujatoa hela hakikisha kihisi ni cha Bluetooth. Vya ANT+ pekee (njia nyingine ya kutuma data bila waya) simu nyingi hazivioni, iPhone ndiyo kabisa. Cha kasi funga kwenye habu ya gurudumu, cha mizunguko kwenye mkono wa pedali. Kiunganishe ndani ya programu yenyewe ya baiskeli uliyoweka kwenye simu, siyo kwenye mipangilio ya simu.

Mimi hupanda kutoka Uyole kwenda Tukuyu, huku Mbeya. Kioo kikiwaka muda wote chaji inakata njiani, na mvua ya Rungwe ikikidondokea kinajibonyeza chenyewe, utacheka! Siku hizi nazima kioo, simu naiviringisha nailoni mfukoni, namba za kasi na mizunguko nazitazama nikisimama Isyonje, njiani, nikinywa chai.