Ama Uwalipe, Ama Uwakabidhi: Kwa Wanaotaka Kufanya Sanaa na Wavuja Jasho

Vijana wanaotoka vyuo vya sanaa hunitafuta na wazo ambalo halitofautiani sana: wanataka kwenda mwaloni (ufukweni mitumbwi ya wavuvi inakoshusha samaki), sokoni au shambani, wakae na watu wanaofanya kazi pale, watengeneze nao igizo kuhusu shida zao. Ni wazo zuri, na kazi hiyo ndiyo inayoniweka mjini mimi mwenyewe. Lakini kabla hatujafika kwenye hadithi na wahusika huwa naomba kuona bajeti. Mwongozaji yumo, mpiga picha yumo, spika, jenereta, gari, fulana zenye nembo, vyote vimo. Mwanamke atakayeacha biashara yake kutwa nzima ili aje kuigiza maisha yake mwenyewe ameandikiwa soda na nauli.

Nalisema hili waziwazi: igizo linalolaani unyonyaji huku likiendeshwa kwa jasho la bure la haohao wanaonyonywa halina haki ya kupanda jukwaani.

Miaka mingi nimefanya maigizo shirikishi kwenye mialo ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, hasa na kina mama wanaoanika dagaa. Mitumbwi hurudi alfajiri. Mama ananunua kwa ndoo, mara nyingi kwa kukopeshwa na tajiri mwenye mtumbwi, anabeba mwenyewe au anamlipa mbebaji, kisha anatandaza juu ya kichanja kama anacho, au juu ya nyavu chakavu mchangani kama hana. Jua likipanda anawageuza ili wakauke pande zote. Wingu likijitokeza upande wa ziwani, mazungumzo yote yanakatika, kila mtu anakimbilia kuanua. Dagaa walionyeshewa hubadilika rangi na kunuka, mnunuzi anawakataa, na huishia kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Sasa njoo wewe saa nne asubuhi na karatasi ya mahudhurio, useme leo tuna mchezo wa kufahamiana. Mama mmoja alimuuliza mwenzangu kwa upole kabisa: "Mwalimu, nikicheza huu mchezo wa kurushiana mpira, dagaa wangu atawageuza nani?" Ratiba zetu zote za baadaye zilijengwa juu ya swali hilo.

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haziwavuti, na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Siku hizo za mbalamwezi wavuvi wanashona nyavu, kina mama wanafua, wanasukana, wanadaiana. Mazoezi yaweke hapo. Watakuja bila kusukumwa na watakaa mpaka mwisho, akili ikiwa imetulia. Na kwa kuwa mbalamwezi ndiyo wakati hela inapopotea mwaloni, ujira utakaowapa utaonekana nyumbani kwao siku hiyohiyo. Kila kazi ina siku zake za kupumua. Kabla hujaandika andiko la mradi, nenda ukazijue.

Kiasi cha malipo usikipange ofisini. Uliza kibarua wa kutwa pale analipwa shilingi ngapi, na usishuke chini ya hapo. Lipa siku ileile, mkononi au kwa simu, kabla watu hawajatawanyika. Kwenye bajeti iandike kama ujira wa waigizaji, usiiite posho, kwa sababu mfadhili akibanwa na fedha posho ndiyo ya kwanza kukatwa. Shirika moja lilituambia kwamba kuwalipa wanajamii kunaua moyo wa kujitolea. Tukawajibu kwamba kila mtu aliyekaa kwenye kikao kile alikuwa analipwa kukaa pale, na kwamba hatutaanza mpaka kipengele cha ujira kiingizwe. Kiliingizwa.

Na kwa Usukumani hoja ile haina mizizi kabisa. Vikundi vya bugobogobo vimelima mashamba ya watu kwa ngoma na nyimbo, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na mwenye shamba alijua anadaiwa: chakula, ng'ombe au fedha, kwa jinsi walivyokubaliana. Hakuna aliyemwambia manju, kiongozi wa waimbaji, kwamba kwa kuwa anafurahia kuimba, basi wimbo utamtosha. Ngoma ilikuwa sehemu ya kazi, ndiyo iliyofanya shamba liishe.

Sipingi kujitolea. Mfano ambao kila anayefanya sanaa ya namna hii Afrika Mashariki anapaswa kuujua vizuri ni Kamĩrĩĩthũ, kijiji cha Limuru nchini Kenya. Mwaka 1976 wanakijiji walianzisha kituo cha elimu na utamaduni, wakianza na madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika kwa ajili yao igizo la Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, ambalo baadaye lilichapishwa kwa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Kimani Gecau akaliongoza. Walioigiza walikuwa wakulima wadogo, vibarua na wafanyakazi wa viwandani. Hadithi ni ya Kĩgũũnda, kibarua mwenye ekari moja na nusu, ambaye hati ya ardhi yake imetundikwa ukutani. Wakubwa wanamshawishi afunge ndoa ya kanisani, anakopa kwa kuweka ardhi rehani, na mwisho inapigwa mnada. Watu waliokuwa wakiigiza walijua karatasi ile ina uzito gani ukutani.

Mazoezi yalifanyika hadharani. Watu walisimama kutazama, wakasahihisha, wakabisha. Wazee wakawaeleza waandishi wasomi kwamba mzee wa Kikuyu hazungumzi namna ile, na mistari ikabadilishwa. Jukwaa la wazi, la kukalisha watazamaji wapatao 2,000, wanakijiji walilijenga kwa mikono yao. Walijitolea, ndiyo, lakini kituo kilikuwa chao, kamati yao, lugha yao, na uamuzi wa kuonyesha au kutoonyesha ulikuwa wao. Mtu hujitolea kujenga nyumba yake. Kama kazi yenu itaishia kwenye ripoti yako, video yako na jina lako kwenye tamasha la ng'ambo, basi mwenye nyumba ni wewe, na mafundi uwalipe. Ukitaka wajitolee, wakabidhi kila kitu, hata haki ya kukuambia uondoke. Njia ya katikati, ambayo wao wanajitolea na wewe unamiliki, ndiyo ninayoiona mara nyingi zaidi, na ndiyo ninayowaomba vijana waikatae.

Kukabidhi kuwe kwa maandishi. Karatasi moja ya Kiswahili chepesi inatosha: nani ametunga wimbo, nani anaruhusiwa kurusha video, fedha ikipatikana inagawanywaje. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inamlinda mtunzi, na mama aliyetunga beti akiwa anageuza dagaa ni mtunzi.

Sasa siasa. Igizo la Kamĩrĩĩthũ lilianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali. Mwaka ukiwa unaisha, Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa mpaka Desemba 1978. Machi 1982, baada ya igizo jingine kunyimwa kibali, jukwaa likabomolewa. Waandishi na mwongozaji waliishia uhamishoni, wanakijiji wakabaki palepale bila jukwaa. Kila mmoja alilipa kwa namna yake, lakini msanii mwenye jina akikamatwa dunia inapiga kelele. Mama wa mwaloni akinyimwa dagaa wa mkopo na tajiri aliyejitambua kwenye igizo, hakuna gazeti litakaloandika.

Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo wa Brazil, alisimulia kisa ambacho nimewasomea wasanii wenzangu kila tunapoanza kazi mpya. Miaka ya 1960, yeye na wenzake wa kikundi cha maigizo cha Teatro de Arena kutoka São Paulo walikwenda kaskazini-mashariki mwa nchi kuwaigizia wakulima wasio na ardhi. Walishika bunduki jukwaani wakaimba kwamba ardhi itakombolewa kwa damu. Mkulima mmoja, Virgílio, aliguswa sana, akawaalika kula chakula kwanza, kisha wazichukue bunduki zao waende pamoja kumwondoa kabaila. Wakamweleza kwa aibu kwamba bunduki ni za maigizo, hazipigi, na kwamba wao ni wasanii. Virgílio akaelewa kuwa damu waliyoiimba ni ya wakulima, si ya kwao. Boal alisema tangu hapo hakuandika tena igizo la kuwaambia watu la kufanya, isipokuwa pale ambapo naye yumo kwenye hatari ileile.

Kwa hiyo kila tukio kwenye igizo lipigiwe kura na watakaobaki baada ya gari lako kuondoka. Swali liwe hili: kesho asubuhi, mtumbwi ukifika, nani atakutazama vipi? Tukio likionekana la hatari, lipo la kufanya zaidi ya kulifuta. Pwani na bara tuna utamaduni mkubwa wa mafumbo, na kila aliyesikiliza taarabu anajua jinsi wimbo unavyomfikia mlengwa bila kumtaja. Hadithi ihamishieni kwenye mwalo wa kubuni. Lawama nzito iimbwe na kundi zima badala ya kutoka kinywani mwa mtu mmoja. Barua kwa mtendaji wa mtaa, kwa afisa utamaduni wa wilaya na kwa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi mwaloni, ziandikwe mapema na zigongwe mhuri wa kupokelewa, maana kukitokea kelele watakaoulizwa kwanza ni wenyeji.

Na igizo liwe na mahali pa kwenda. Boal huyohuyo alichaguliwa kuwa diwani wa Rio de Janeiro, akakaa barazani kuanzia 1993 hadi 1996, na kutokana na maigizo ya mitaani zikapitishwa sheria 13, mojawapo ikizitaka hospitali za manispaa ziwe na madaktari wa maradhi ya wazee. Huhitaji kuwa diwani. Diwani wa kata na viongozi wa BMU wakae mstari wa mbele, igizo lisimamishwe pale mama anaponyimwa sehemu ya kuanikia, na wao waitwe jukwaani kuonyesha wangefanya nini. Katibu wa kikundi aandike wanachosema.

Kampeni zikianza, wagombea watakuja kuwakodi wanakikundi. Siwaambii wasanii waikimbie siasa. Bibi Titi Mohamed alitoka kwenye uimbaji wa ngoma, na vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam ndivyo vilivyomfungulia njia ya kuwaingiza wanawake TANU kuanzia 1955. Ila kikao cha kuamua kifanyike wewe ukiwa haupo. Wakikubali, bei itajwe mapema na fedha ipokelewe kabla ya kupanda jukwaani, maana baada ya mkutano mgombea hapatikani. Watunge wimbo mpya kwa ajili ya kazi hiyo. Ule wa igizo, wa kudai vichanja vya kuanikia, wasiuuze, wauweke kwa siku mbunge atakapokuja kukagua mwalo akiwa ameshaapishwa.