Mwanangu, funga hilo kundi la kamati kabla mchango wa kwanza haujaingia

*Shangazi, shikamoo. Naishi Kihonda, Morogoro, nina cherehani zangu mbili na watoto watatu. Tarehe 13 Oktoba 2026 mimi na mume wangu tutatimiza miaka 25 tangu tufunge ndoa kanisani. Harusi ile ilikuwa ya wakubwa. Kamati ilipanga kila kitu, watu walikuwa 300, nami nilikaa mbele siku nzima nikitazamwa kama picha ukutani. Mama mkwe, aliyenipokea kama binti yake, sikupata hata nafasi ya kumshika mkono.*

*Sasa mama ana miaka 84, miguu imeishiwa nguvu. Yuko kwao Matombo, hatua chache kutoka kanisani. Ninachotaka ni turudie ahadi zetu mbele yake na ndugu wa karibu, watu 40 basi. Nimejiwekea 900,000. Lakini wifi yangu mkubwa ameshafungua kundi la WhatsApp, anaongelea ukumbi na kadi za michango. Wifi mdogo anasema wanaorudia ahadi ni wale ambao ndoa ilishavunjika. Kijana wangu wa chuo anasema ni mambo ya Wazungu. Mume wangu alipunguzwa kazini mwaka juzi, na kila nikimgusia hili ananijibu, "Fanya unavyoona." Pete yake aliiuza mwaka 2012 mtoto wetu alipolazwa. Na mimi sijui hata nivae nini, gauni langu la 2001 bado liko sandukuni. Je, najisumbua bure?*

*Mke wa miaka 25, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Hujisumbui bure. Miaka 25 na mtu mmoja, na mama wa mume wako bado yu hai kukushuhudia, hiyo ni neema ya kuitengea siku.

Naanza na kundi la WhatsApp, maana hilo halisubiri. Lifungwe wiki hii. Ukichelewa mpaka mtu mmoja akatuma 20,000 kwa simu, hiyo siku si yako tena. Aliyechanga anastahili kadi. Kadi ya watu wawili inaleta wawili, na wawili hao wanataka kiti chenye kitambaa, kinywaji, mshereheshaji na muziki. Hapo 900,000 yako haitoshi hata kulipia ukumbi, inabidi kuchangisha tena ili kuwalisha waliochanga. Vikao vitaanza, mwenyekiti, mhazini, taarifa ya waliotoa ahadi na hawajalipa. Utajikuta umerudi mwaka 2001, safari hii ukiwa na nywele nyeupe.

Nasema haya nikiyajua. Tulipotimiza miaka 20, mimi na marehemu mume wangu tulipanga chakula cha mchana nyumbani. Nikakubali "kamchango kidogo" kwa ndugu mmoja kwa kuona haya kukataa. Siku yenyewe mume wangu alishinda anahesabu viti vya kukodi, na jioni ndipo tulipokumbuka kwamba hatujaambiana neno lolote. Amefariki sasa. Maneno niliyokuwa nimeyaandaa ninayo bado.

Wifi yako mkubwa usimwone adui. Wewe umechangia harusi, sendofu na misiba ya ukoo huu kwa robo karne, naye anaona zamu yako imefika na anataka kulipa. Kwa hiyo usimkatalie kwa ujumbe wa simu. Mwende wewe na mume wako, mkae kwake, yeye kaka ndiye aanze kuongea. Mwambieni: "Mkono wako tunauhitaji, lakini tuutunzie. Una mabinti wa kaka yako hawajaolewa, sendofu zao zinakuja, hapo tutakupa uenyekiti. Hili la Oktoba ni la mama." Akisisitiza kutoa kitu, apokewe kwa kitu: mchele, sufuria kubwa, mkungu wa ndizi, turubai. Mchele utaliwa siku hiyo na deni limekwisha. Fedha itataka daftari.

Sasa mume wako. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama kwenye lile jibu lake. "Fanya unavyoona." Umeliandika kama kwamba hajali. Mimi silisikii hivyo. Nasikia mwanaume ambaye tangu mwaka juzi anakuona ukiamka kwenda kwenye cherehani kulipa umeme na ada, na sasa unamwambia kuna sherehe, nayo umeshaiwekea fedha wewe. Ataongeza nini hapo? Dada yake anazungumzia ukumbi, na yeye anajiona amesimama mbele ya watu 200 katika suti ya kuazima, bila pete, wakinong'ona. Hata hiyo ndogo unayoitaka inaweza kumuumiza ikiwa yote imetoka mkononi mwako na yeye ameitwa tu kuja kusimama.

Kwa hiyo acha kumuuliza kuhusu sherehe. Muulize kuhusu ile miaka. Usiku, watoto wamelala, mwambie jambo moja alilolifanya ambalo hujawahi kumshukuru. Ile pete ndiyo pa kuanzia. Mwaka 2012 alivua kidoleni alama ya ndoa akaigeuza dawa ya mtoto, na nina hakika hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku ile ndiyo alitimiza kiapo chake kuliko siku aliyokisema. Mwambie wewe. Halafu nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Akizungumza, msikilize mpaka mwisho bila kurudi kwenye bajeti.

Kisha mwachie mambo ambayo ni ya kwake kweli. Kwenda Matombo kumwambia mama yake, aende yeye, ikiwezekana peke yake. Kwenda kwa mjomba wake pia, maana kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama na shughuli isiyopitia kwa mjomba ina kasoro hata kama chakula kilitosha. Kuchagua mbuzi ni kazi yake. Na kama baada ya yote hayo atasema hataki kusimama mbele ya watu, kubali. Semeni ahadi zenu sebuleni kwa mama, mlango umefungwa, watu watatu tu. Utakuwa umepata kile ulichokiandikia barua.

Wifi mdogo anachanganya mambo mawili, na wengi wanayachanganya. Walioishi pamoja kwa mila au kwa ndoa ya serikali, wakaja kanisani baadaye, hao wanabariki ndoa, yaani kuna kitu kilikuwa bado na sasa kinakamilishwa. Ninyi hamna kilichobaki. Sakramenti yenu ya 2001 hairudiwi, na hata kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hamtapewa cheti kipya, kwa sababu ndoa ni ile ile. Kanisa lina ibada yake ya baraka kwa wanandoa katika misa ya kumbukumbu, hasa mwaka wa 25, wa 50 na wa 60. Maneno yake ni ya shukrani: mume anamshukuru Mungu kwa kuwa alimpata mke huyu, mke naye vivyo hivyo, kisha wote wawili wanashukuru kwa mema na magumu waliyopitia na kuomba msaada wa kubaki waaminifu. Mwite wifi asikie kwa masikio yake. Pete nazo hubarikiwa, hata mpya. Pete mbili za fedha za sonara wa mjini zinatosha, wala usimnunulie yeye peke yake ukabaki na yako ya zamani. Vaeni zinazofanana.

Kuhusu siku: tarehe 13 ni Jumanne. Chukueni Jumapili ya tarehe 11, katika misa ya kawaida ya Matombo. Kwaya ipo, maua ya altare yapo, waumini wapo, na hamlipii chochote zaidi ya sadaka yenu. Anzeni mapema kwa paroko wenu wa Kihonda, mkiwa na cheti cha ndoa, yeye awaelekeze kwa mwenzake wa Matombo. Misa ikiisha mnatembea hadi kwa mama. Kama hata kanisani hawezi kufika, ombeni padre apite nyumbani kumpa baraka, nanyi mrudie maneno yale yale mbele ya kiti chake. Jumanne yenyewe, kwa kuwa Oktoba ni mwezi wa rozari na jumuiya inasali kwa zamu nyumba kwa nyumba, omba zamu ya siku hiyo iwe kwenu. Chai na mihogo. Majirani wa Kihonda watakuwa wameshiriki bila kadi.

Chakula kiwe cha mchana. Sherehe ya usiku inataka taa, jenereta, bia na malazi, na barabara ya Bigwa kwenda Kisaki, ile inayopita Matombo, si ya kuwarudisha wazee gizani. Kilo 1 ya mchele inashibisha watu wazima 5, kwa hiyo watu 40 ni kilo 8, nawe pika 10 maana watoto wa jirani watakuja na hawafukuzwi. Mbuzi mmoja, nyama ya ng'ombe kilo 5, kachumbari, ndizi na matunda ya huko huko. Viungo vya pilau usibebe kutoka mjini, mdalasini na pilipili manga viko milimani hapo. Mwombeni jirani Mwislamu achinje, ili kila mwanaukoo ale bila kuuliza. Ningekuwa wewe ningetenga 400,000 ya chakula, 300,000 ya nauli na gari la wazee, 100,000 ya sadaka, pete na shukrani kwa wapishi, ile 100,000 ya mwisho ikae kwenye pochi mpaka siku ipite. Pete zikizidi hapo, punguza nyama. Ada ya Januari isiguswe hata kwa kukopa siku mbili. Na usimwambie mtu yeyote anunue sare. Sare ndiyo inayowafanya ndugu wa kipato kidogo waseme wanaumwa.

Wasimamizi wenu wa 2001 waite kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama mmoja wao ametangulia mbele ya haki, nafasi yake ibaki wazi, jina lake litajwe kwenye maombi.

Kijana wako anasema mambo ya Wazungu. Mkumbushe masista na mapadre anaowaona wakifanya jubilei ya nadhiri kila mwaka, kwamba hata wazazi wana nadhiri. Lakini usibishane naye sana. Mpe kazi: aende kwa bibi yake wiki moja kabla, akae naye, amuulize alimwonaje mama yake siku ya kwanza alipoletwa pale nyumbani, na ayaandike majibu kwa mkono. Siku ya Jumapili baada ya chakula ayasome. Huyo ndiye mshereheshaji wenu. Picha zipigwe kwa simu ya binti, kisha 20 zisafishwe, 5 zibaki kwa mama.

Umeniuliza uvae nini. Gauni la 2001 usilipanue, mshonaji wewe unajua kitambaa cha miaka 25 kikiguswa sindano kinavyochanika. Kata lesi yake, ile iliyo salama, ushone kitambaa cha meza ya mama mkwe, pale mtakapowekea chakula chake. Wewe nunua doti mbili za kanga zinazofanana, maandishi uyachague mwenyewe, usimwachie muuzaji. Moja jifunge wewe juu ya gauni la kawaida la kanisani. Nyingine mfunge mama kwa mikono yako asubuhi ile, kabla hamjatoka nyumbani kwenda misani.

Shangazi yako