Cheza Kwanza, Ndipo Uiulize Kompyuta

Miezi saba nilijifunza Go, mchezo wa ubao wa kuzingira eneo kwa kete nyeusi na nyeupe, kwa njia mbovu. Kila mchezo ukiisha nafungua KataGo, programu ya bure inayocheza na kuchambua Go, natazama pahali inaposema pangekuwa bora, nakariri, nafunga.

Jioni moja hapa Lamu nilikaa barazani na rafiki yangu. Ubao tulikuwa tumeuchora kwenye katoni, mistari tisa kwa tisa. Komwe za bao ndizo kete nyeusi, simbi ndizo nyeupe. Nikaweka komwe pale pale mashine iliponifundisha. Akanikata papo hapo, kete zangu zikatengana. "Sasa utafanyaje?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekariri hatua moja, na zile zinazoifuata sikuzijua.

KataGo imejifunza kwa kucheza na nafsi yake mara nyingi mno. Hukupa tarakimu tu: nafasi ya kushinda, pointi ulizotangulia. Sababu haisemi, lazima uichimbe mwenyewe. Kwa hiyo mchezo ukiisha, usiifungue kwanza. Andika sehemu tatu unazodhani ulikosea. Kisha ifungue, utafute pale pointi zilipoporomoka ghafla. Kosa la nusu pointi liache, si lako bado. Halafu, na hili ndilo lililonibadilisha, rudia hatua yako mbaya mbele ya mashine, uiache ikuadhibu mpaka mwisho. Ukishaona kete zako zinavyokufa, hutauliza tena kwa nini.

Wacheza bao wa Mkunguni, uwanja wa hapa Lamu, wanalijua hili. Mchezo ukiisha, kete hurudishwa mashimoni: "Turudi pale."

Na anza na ubao mdogo. Makutano 81 ya mistari yanatosha kukuchosha. Yale 361 ya ubao mkubwa yatakungoja.

Watu wakitaja Machi 2016, programu ya AlphaGo ilipomshinda bingwa wa Korea Kusini Lee Sedol 4–1 mjini Seoul, husifu hatua ya 37 ya mashine katika mchezo wa pili. Inastahili. Lakini mimi huirudia zaidi hatua ya 78 ya mchezo wa nne, ile Lee aliyoipenyeza katikati ya kete za mpinzani akashinda. Hakuna aliyemnong'oneza. Aliiona kwa macho yake, akiwa ameshapoteza mitatu.

Juzi rafiki yangu alinikata tena pembe ile ile. Safari hii nilijibu, na pembe ikabaki yangu. Nimefungwa kwa pointi tatu. Tukarudisha komwe na simbi mpaka hatua ya kumi na nne, tukaanza upya.