Ukikwama, Nyanyuka: Kwa Wewe Unayeanza Kazi ya Mezani

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliamini mtu makini ni yule asiyebanduka kitini. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi, nikirudia aya ileile mara nne bila kujua inasema nini. Wewe usijitese hivyo.

Kwanza, ipe kila kazi mahali pake. Hesabu na uhakiki mimi nafanyia mezani, uso umeelekea ukutani. Ripoti ndefu nasomea kwenye kiti cha dirishani, na simu naiacha nilikotoka. Wiki chache zilitosha: siku hizi nikikaa tu dirishani, akili inajua kilichonileta. Kama huna pa kuhamia, geuza kiti kitazame upande mwingine. Hata huko ni kuhama.

Kutembea ndiko kulikonishangaza. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hutoa mawazo mapya mengi zaidi wakitembea kuliko wakiwa wamekaa, hata wale waliotembea juu ya mashine ya mazoezi ya kutembea, chumbani, mbele ya ukuta mtupu. Ila kwenye maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukuwasaidia, walishuka kidogo. Hapo ndipo nilipokuwa nakosea. Niliwahi kutoka kwenda kutembea ili nigundue kosa lililojificha kwenye jedwali la hesabu, nikarudi na mawazo matatu ya mradi mwingine kabisa. Kosa lilikuwa linanisubiri palepale. Siku hizi nikitafuta wazo natembea, nikitafuta kosa nakaa.

Kabla hujanyanyuka, andika mstari mmoja: umefika wapi, na hatua inayofuata ni ipi. Utafiti wa Sophie Leroy wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mtu akiacha kazi haijaisha, sehemu ya akili yake hubaki hukohuko. Ule mstari unakupunguzia mzigo huo, na ukirudi huanzi kwa kujiuliza nilikuwa nafanya nini vile.

Macho nayo yana haki yao: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20.

Lakini kuna kuhama na kuna kukimbia kazi. Ukijikuta umebadili kiti mara tano ndani ya saa moja, tatizo si kiti. Huenda kazi yenyewe hujaielewa, nenda kaulize.

Na usifanye haya kimyakimya. Msimamizi wangu alikuta kiti changu kitupu mara tatu siku moja, akaniita. Nilipomweleza hakugomba, aliomba jambo moja tu: niache kikaratasi mezani kinachosema niko wapi na narudi saa ngapi. Ule mstari wangu wa hatua inayofuata nikauhamishia kwenye kikaratasi hichohicho.