Kanuni anazijua, jibu halipati

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Binti yangu yuko darasa la sita. Eneo la mraba na la mstatili halimsumbui, ila akifika kwenye msambamba na pembetatu anazidisha pande zozote anazoziona. Kanuni kazikariri, hata ukimwamsha usiku anazitaja. Juzi alipewa msambamba wenye kitako sm 10, upande wa mshazari sm 6 na kimo sm 4. Akaandika 60. Nimemrudisha mara tatu, bado 60. Nifanyeje? (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Hiyo 60 naifahamu vizuri, nimeisahihisha kwenye madaftari mpaka nikastaafu.

Leo usimpe zoezi jingine. Chomoa njiti kwenye ufagio wa chelewa, ukate mbili za sm 10 na mbili za sm 6, uzifunge kwa uzi kwenye pembe, bila kukaza sana. (Uzi ukiteleza, tumia mirija ya soda, upitishe uzi ndani.) Zipange ziwe mstatili, kisha mwambie ausukume ulale upande, polepole: huo sasa ni msambamba. Njiti zimepungua? Hapana. Mzingo je? Bado sm 32. Aendelee kusukuma mpaka njiti zikaribie kulaliana. Hapo ndani pamebaki nini? Karibu hakuna kitu, na 10 na 6 zake zipo palepale. Usimweleze. Mwache akodoe macho.

Akishaona, mpeleke ukutani umpime urefu kwa penseli, kama mnavyofanya siku zote. Akiegemea ukuta kimshazari utamkubalia? Utamwambia asimame wima. Kimo cha msambamba ndicho hicho hicho: kinasimama wima juu ya kitako, nyuzi 90, hakiegemei. Ile sm 6 imeegemea. Watoto hulicheka sana neno kitako. Mwache acheke, maana neno lililochekesha halisahauliki.

Sasa chukua boksi la sabuni na mkasi. Mchoree msambamba ule, akate kwa kufuata kimo kutoka pembe ya juu. Kipande cha pembetatu kitakachotoka akihamishie upande wa pili. Utatokea mstatili wa 10 kwa 4, na hesabu ya mstatili anaiweza: sentimeta za mraba 40. Akitengeneza msambamba mwingine akaukata kona kwa kona, atapata pembetatu mbili zinazolaliana sawasawa. Ile nusu ya kwenye kanuni ya pembetatu imetoka hapo.

Kwenye pembetatu nina kosa langu la kukiri. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa nachora kila pembetatu ubaoni ikiwa imekaa kitako chini, kilele juu. Siku mtihani ulipoleta iliyopinduka, darasa zima liliduwaa. Walidhani kitako ni upande wa chini ya karatasi! Wewe mkatie pembetatu ya pande sm 13, 14 na 15. Ikalie ule wa 14, apime kimo: atapata 12. Nusu ya 14 mara 12 ni 84. Aigeuze ikalie ule wa 15. Kimo sasa ni sm 11.2, na nusu ya 15 mara 11.2 ni 84 ileile. Rula ya mtoto inaweza kumpa 11.1 au 11.3, usimgombeze. Kila upande unaweza kuwa kitako, na kila kitako kina kimo chake.

Maumbo ya pembe tano au sita yasikutishe. Ya pembe tano hugawanyika pembetatu tatu, ya sita hutoa nne. Anatafuta kila moja, anajumlisha. Hivyo hivyo unaweza kupima hata shamba lisilo na umbo la kueleweka, ukiwa na kamba tu.

Imebaki trapeza, lile umbo la pande nne ambalo pande zake mbili tu ndizo sambamba, na kanuni yake ndiyo inayowachanganya kuliko zote. Kanuni hiyo usimtajie kabisa. Mkatie trapeza mbili zinazofanana, mwambie azipange ziwe msambamba mmoja, kisha wewe nenda jikoni. Akikuita kabla wali haujaiva, niandikie.