Afya na Familia: Maswali ya kishikwambi yana faida gani kwa mgonjwa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mama yangu anatibiwa saratani ya titi, nasi husafiri kutoka Jinja hadi Kampala kwa ajili ya kliniki. Kabla ya kumwona daktari hupewa kishikwambi ajaze maswali kuhusu maumivu, uchovu na kichefuchefu, na katikati ya wiki maswali hayohayo huja kwenye simu yangu. Yeye hujibu kwamba hajambo, ingawa usiku namsikia akigumia. Je, kazi hii inamsaidia yeye, au ni ya takwimu tu?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza. Kazi hii inaweza kumsaidia sana mama, mradi majibu yake yasomwe na mtu mwenye uwezo wa kuchukua hatua. Mjini New York wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa walishiriki katika utafiti ambao baadhi yao waliripoti dalili zao kwa kompyuta, na dalili ilipozidi, muuguzi alipata taarifa papo hapo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba nusu ya walioripoti hivyo waliishi zaidi ya miezi 31, ilhali kwa waliohudumiwa kwa njia ya kawaida ilikuwa miezi 26. Naamini siri ilikuwa kwa yule muuguzi aliyepiga simu, akabadilisha dawa au kumwita mgonjwa mapema, wala si kwa chombo chenyewe. Kwa hiyo waulizeni kliniki bila woga: nani anasoma majibu haya, na siku gani?

Kuhusu mama kujibu kwamba hajambo, msimlaumu. Wazazi wetu wengi wamelelewa kuvumilia, na wengine huogopa kwamba wakilalamika dawa itasimamishwa. Mwelezeni kwamba daktari hupima dawa ya maumivu kwa kadiri anavyoambiwa. Ikiwa namba zilizo kwenye kioo zinamchanganya, atumie mkono, kama wafanyavyo wahudumu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, hapa Uganda: ngumi iliyofumbwa ni kutokuwa na maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyovumilika. Wewe msomee swali kwa lugha anayoizoea, kisha jaza analosema yeye, hata kama unadhani lingekuwa jingine. Uliyoyasikia usiku mweleze muuguzi kando, mama akiridhia.

Kwa kuwa majibu hupitia simu yako, ifunge kwa namba ya siri. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mama haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje.

Hata hivyo, ujumbe wa simu si njia ya kuomba msaada wa dharura. Mama akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi katika kipindi cha tibakemikali, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu kinga ya mwili huwa imeshuka na maambukizi huweza kuenea kwa muda mfupi.